Hati ya uwakilishi: inaishi lini, inakufa lini

Asubuhi moja kijana aliingia ofisini kwetu akiwa ameikumbatia bahasha ya kaki. Mimi ni karani wa mawakili hapa katikati ya Nairobi, na bahasha za namna hiyo nimeshazizoea. Ndani mlikuwa na hati aliyopewa na mama yake miaka minne nyuma. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, ina mhuri wa wakili, na chini pana sahihi ya mama, herufi moja moja, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Sasa mama amepigwa na kiharusi, hasemi wala hatambui watu, na benki imekataa kutoa pesa za matibabu. "Si karatasi ndiyo hii?" akaniuliza.

Hati ya uwakilishi ni maandishi ambayo mtu humruhusu mwenzake kutenda kisheria kwa niaba yake. Anayepewa si lazima awe wakili. Anaweza kuwa dada, mume au rafiki, mradi ni mtu mzima mwenye akili timamu.

Iliyo salama zaidi, kwa maoni yangu, ni hati maalum. Inataja kazi moja: kuuza ploti fulani, kwa namba yake, au kusaini mkataba mmoja. Kazi ikiisha, nguvu imeisha. Hati ya jumla humwachia mwakilishi karibu kila kitu, kuanzia kodi za nyumba hadi kesi na akaunti, na ndiyo ninayoiona ikiwagombanisha ndugu. Walio ughaibuni huitoa kwa haraka kabla ya safari, wakati hati maalum mbili zingetosha. Ipo pia isiyofutika, ambayo hutolewa pale mwakilishi ana haki yake ndani ya mali hiyo, kwa mfano amekwisha kulipa bei na anangoja kuhamishiwa hati miliki. Hiyo usiisaini bila wakili wako mwenyewe, si wa mnunuzi.

Ikiwa hati inaruhusu kuuza ardhi, lazima isajiliwe kwenye masjala ya ardhi. Ukitaka kuifuta, andika hati ya kufuta na uisajili palepale, kisha uijulishe benki na wapangaji. Kumpigia ndugu simu ukiwa na hasira hakutoshi.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mwakilishi hutenda kwa nguvu za aliyemtuma. Aliyetuma akipoteza uwezo wa kuamua, hana tena nguvu za kumwazima mtu, na hati ya kawaida inakufa hapo hapo, hata kama haina tarehe ya mwisho. Inaumiza, kwa sababu siku ya ugonjwa ndiyo wazee wengi huwa wameiwazia wanaposaini. Uingereza wana hati ya kudumu, chini ya sheria ya 2005, inayoendelea hata akili ikipotea. Hapa Kenya hatuna sheria inayoipa hati ya mali uhai wa namna hiyo, kwa hiyo fomu ya kule uliyoipakua kwenye intaneti haitakuvusha. Njia iliyopo ni kuiomba mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, imteue msimamizi wa mali ya mgonjwa.

Kifo nacho huimaliza hati. Baada ya hapo ni mambo ya mirathi, na anayeendelea kuchukua kodi kwa karatasi ya marehemu anaweza kushtakiwa chini ya Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

Haya yote nilimweleza kijana taratibu. Alinyamaza kitambo, akaikunja hati kwa mistari ileile ya zamani. Nikamwandikia vya kuleta: ripoti ya daktari, kitambulisho cha mama, na majina ya ndugu zake wote, hata yule wasiyeongea naye.