Je, wajua kwa nini lenta huishika nyumba wakati wa tetemeko?

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba mjini Bukoba na katika wilaya jirani, pamoja na majengo ya Shule ya Sekondari Ihungo. Kwa kipimo cha matetemeko duniani, hilo lilikuwa tetemeko la wastani. Kwa nini basi ukuta wa tofali uliobeba paa kwa miaka mingi bila ufa huanguka ndani ya sekunde chache?

Tofali huvumilia sana kugandamizwa lakini halivumilii kuvutwa. Uzito wa paa huugandamiza ukuta kwenda chini, na hapo ukuta uko salama. Tetemeko, hata hivyo, huivuta ardhi kwenda ubavuni na kuirudisha. Msingi huondoka pamoja na ardhi, huku ukuta, kwa uzito wake, ukichelewa kuufuata, na kadiri ulivyo mzito ndivyo nguvu inayoupinda inavyokuwa kubwa. Palipo na pembe, ukuta mmoja hupigwa ubapa na kuyumba, wakati mwenzake, unaosukumwa kwa urefu wake, husimama imara. Kwa hiyo pembe hupasuka, kwa kawaida kuanzia juu, na ukuta ulioachwa peke yake huangukia nje na kuangusha paa.

Lenta ni mkanda wa zege wenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Wengi hudhani kazi yake ni kubeba tofali zilizo juu ya nafasi hizo tu, na dhana hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu humfanya mwenye nyumba akubali imwagwe juu ya madirisha peke yake ili kuokoa saruji. Lenta iliyozunguka nyumba nzima hufanya kazi ya kamba kwenye mzigo wa kuni: bila kamba kila ukuni huanguka upande wake, lakini ukifungwa, mzigo wote hujongea kwa pamoja. Nondo hupokea mvuto ambao tofali haliuwezi, na ukuta unaoyumba huegemea kuta zinazosimama imara.

Kamba iliyokatika haifungi kitu, na mahali inapokatika mara nyingi ni kwenye pembe, kwa kuwa fundi huzikatiza nondo za ukuta mmoja pale zinapokutana na za ukuta wa pili. Inapasa nondo ikunjwe, izunguke pembe na kulala sambamba na nondo ya ukuta wa pili kwa urefu wa kutosha. Kwa nondo ya milimita 12, sentimita 60 hivi. Ncha za ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo na kuzishika pamoja, nazo zikunjwe kuelekea ndani ya zege, la sivyo ringi hufunguka zege linapopasuka. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau, maana likikauka upesi halifikii nguvu yake.

Mwenye uwezo mdogo hajafungiwa mlango. Nchini Nepal, kanuni za ujenzi zilizoandikwa baada ya tetemeko la mwaka 1988 zinadai mikanda ya aina hii hata kwenye nyumba za mawe na udongo, na zinaruhusu mikanda ya mbao. Milango na madirisha yasikae karibu na pembe, na kuta za pembetatu zinazoinuka hadi kwenye kilele cha paa zifungwe barabara na paa lenyewe, kwa sababu hizo huwa miongoni mwa za kwanza kuanguka.

Siku ya kumwaga lenta, mwenye nyumba afike asubuhi, kabla zege halijachanganywa, apande ngazi na kukagua pembe zote moja baada ya nyingine, kwa kuwa nondo zikishafunikwa hakuna awezaye kuziona tena.