Jiko limekolea, moshi umeisha: kwa hiyo?

Baridi ya Juni na Julai ikishaanza kuuma hapa Dodoma, na ule upepo wetu, tunaletewa wagonjwa wenye maelezo yaleyale: "Daktari, jiko tuliliacha nje mpaka likakolea, moshi ulipoisha ndiyo tukaliingiza chumbani." Wanasema kwa kujiamini kabisa.

Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu, na chumba kikifungwa inajaa. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hung'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku ubongo na moyo vikikosa oksijeni. Aliyelala hashtuki akakohoa. Anazidi kulala.

Usiniambie bibi alikota moto ndani miaka yote. Nyumba yake ilipitisha hewa kila pembe. Chumba chako cha Nkuhungu kina dirisha la aluminiamu, dari la jipsamu, na kanga umeisokomeza chini ya mlango kuzuia vumbi. Na lile beseni la maji kando ya jiko ni pambo tu. Hewa hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikianza, watu hukimbilia kipimo cha malaria. Jiulizeni kwanza: mbona nyumba nzima imeamka na kichwa asubuhi hiyohiyo, na mkikaa nje kinapungua? Wahudumu wenzangu nao wasidanganywe na kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 na mgonjwa yuko hatarini, maana hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu.

Na kumpa maziwa aliyevuta sumu hii? Sumu iko kwenye damu, haiko tumboni, na kumnywesha asiyejitambua ni kumpalia. Mtoeni nje, mleteni hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ya maski, saa 1 hadi 1 na nusu hivi. Na baridi ina dawa yake: blanketi zito la mtumba.

Kuwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki: unaokoa kijiti cha kiberiti, unavuta moshi wenye sumu, na mtoto mgongoni anavuta nao. Acha.

"Gesi ya kupikia inalipuka yenyewe." Hailipuki hivihivi, inayoshika moto ni iliyovuja. Harufu yake huongezwa makusudi ili uistukie, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutambaa sakafuni. Ukiisikia, usiguse swichi: funga mtungi, fungua milango. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Mapovu yakivimba, inavuja, usiwashe.