Njia ya mbio haikaguliwi ukiwa umekaa kwenye gari

Kilimanjaro Marathon ikikaribia, wakimbiaji ninaowafundisha hapa Dar huanza: "Kocha, Moshi naijua. Krismasi tulipokwenda nyumbani nilipita njia yote na gari. Milima ya kawaida tu." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hiki asome, mimi niendelee na chai yangu.

"Nimeshaipita na gari, naijua"

Huijui. Mwinuko wa asilimia 2, yaani mita 20 kwa kila kilomita, ukiwa kwenye gari hata huusikii. Injini inahangaika, wewe umeegemea kiti unachagua nyimbo. Mwinuko huohuo ukiukimbia kilomita tatu mfululizo, kasi uliyoanza nayo asubuhi utaitafuta usiione.

Sasa chukua Moshi yenyewe. Kutoka mjini kuelekea Mweka, katikati ya migomba na mibuni, unapanda karibu mita 300 kabla ya kugeuza. Hakuna mahali utakaponyoosha kidole useme "mlima ndio huu." Barabara inapanda polepole bila kukupa pa kupumua, na ndiyo sababu mwenye gari anarudi akisema ni ya kawaida. Wa nusu marathoni huukuta mpando huo miguu ikiwa bado mizima. Wa marathoni kamili huukuta nusu ya pili, ameshatembeza miguu kilomita kama ishirini na jua limeshatoka. Mlima ni mmoja, lakini hao wawili hawaendi kupambana na kitu kimoja.

Kiyoyozi nacho kinakuficha joto. Kioo kikiwa juu, upepo wa bahari pale Daraja la Tanzanite huujui, wala hujui kwamba unapokwenda utakusukuma mgongoni na unaporudi utakupiga kifuani. Kuna pia mambo ya chini ya miguu. Matuta na rasta dereva anaviona kwa mbali, anapunguza mwendo, anavuka, amesahau. Siku ya mbio uko katikati ya watu mia, mbele yako kuna migongo tu, na tuta unalijua pale kidole cha kiatu kinapoligonga. Halafu lami imeinama pembeni ili maji ya mvua yaende mferejini. Ukikimbilia ukingoni kilomita nyingi, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake, na Jumatatu unaniletea nyonga inayouma ukivilaumu viatu.

Kwa hiyo nenda kwa miguu, na anzia mwisho. Hili nalirudia mpaka wananicheka. Simama kwenye mstari wa kumalizia, rudi nyuma kilomita tano ukitembea, kisha geuka na uzikimbie polepole kuelekea mwisho. Kwa nini za mwisho? Kwa sababu za mwanzo utazikimbia akili ikiwa timamu, una nguvu, umezungukwa na watu. Za mwisho utazikimbia ukiwa huwezi hata kujumlisha namba mbili, na hapo ndipo unapohitaji kujua kwamba baada ya kituo kile cha mafuta kuna kona moja ya kushoto, na baada ya kona umebakiza mita mia sita. Chagua alama zisizohama: msikiti, mnara wa simu, mti mkubwa. Bango la tangazo usilitegemee, wiki ijayo lina sura nyingine.

Na nenda saa ileile utakayopita siku ya mbio. Kama unategemea kumaliza saa tatu asubuhi, kuikagua njia saa kumi na mbili hakukusaidii, kivuli ulichokiona kitakuwa kimeondoka.

Kuna mahali gari linaruhusiwa, nakiri. Mwaka 2022 Nairobi City Marathon ilipitishwa kwenye Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, na siku za kawaida mwenda kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Hapo lipia upite. Ila shusha vioo, zima redio, na uwe abiria, si dereva.

"Saa yangu imesoma kilomita 42.7 badala ya 42.2, waandaaji wametuibia"

Hawajakuibia, umejiibia mwenyewe kwenye kona. Njia iliyothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka kwenye ukingo wa kona. Juu ya hapo huongezwa mita moja kwa kila kilomita, njia isije ikapungua. Marathoni peke yake ina mita 42 za akiba kabla hujapiga hatua. Saa yako inakisia kwa setilaiti, na majengo marefu huichanganya. Wewe nawe unapita katikati ya barabara: kona ya nyuzi 90 ukiipita mita tano nje ya mstari, umeongeza karibu mita nane. Hesabu kona za mjini. London na Berlin huchora mstari wa bluu barabarani kuonyesha njia fupi. Sisi hatuchorewi, kwa hiyo ukikagua, tazama kona inayofuata iko upande gani, uielekee moja kwa moja, ndani ya eneo lililofungwa kwa ajili ya mbio.

"Mteremko ni bure"

Muulize aliyekimbia marathoni ya Boston, Marekani. Njia inaanzia Hopkinton, karibu mita 140 juu ya usawa wa bahari, inaishia Mtaa wa Boylston karibu na bahari. Ukiitazama kwenye karatasi unaona sherehe. Lakini kila hatua ya kuteremka paja ndilo linalofunga breki, na likishachakaa, kuanzia kilomita ya 26 hivi vinakuja vilima vya Newton, vinne, cha mwisho kikiwa Heartbreak Hill. Mwaka 2023 Eliud Kipchoge aliachwa na kundi huko huko vilimani akamaliza wa sita, huku Gabriel Geay wetu akishika nafasi ya pili. Alphonce Simbu, Mtanzania mwingine, naye alikuwa wa pili mwaka 2025. Juma Ikangaa, wetu pia, alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ile ya 1988 Mkenya Ibrahim Hussein alimzidi sekunde moja tu. Kilomita 42, sekunde moja.

Na ndiyo, sheria zinajua mteremko na upepo wa mgongoni vinaweza kumbeba mtu. Muda wa Mkenya Geoffrey Mutai wa 2:03:02, Boston 2011, haukuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia hushuka zaidi ya mita moja kwa kilomita na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo. Lakini anayebebwa ni aliyejifunza kuteremka. Mweka kwenda mjini ni hivyohivyo: fupisha hatua, usijirushe.

"Grafu ya mwinuko inatisha, nabadilisha mbio"

Grafu huvutwa kwenda juu ili ionekane. Achana na picha, gawanya mita za kupanda kwa kilomita.

"Kukagua ni kwa wanaotafuta zawadi"

Mshindi anakaa juani kwa muda wa saa mbili na dakika kadhaa. Wewe unakaa juani kwa muda wa saa tano. Nani anahitaji kujua kivuli kiko wapi?

"Basi nitaikimbia yote wiki ya mbio"

Hapana! Kipande kirefu kifanye wiki tatu kabla. Ukifika Moshi Ijumaa, chukua namba yako, tembea zile kilomita chache za mwisho, kula wali, lala.