Nairobi hadi New York: kwa nini kilomita peke yake haikupi saa

Ukiuliza mtandaoni umbali wa Nairobi hadi New York, utaambiwa ni kama kilomita 11,800. Ndege kubwa ya abiria hukata anga kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 13 na ushee. Ila Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na swali hili huniandama: hizo saa za ziada zinaliwa na nini?

Kiasi huishia ardhini. Muda wa kwenye ratiba huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa upande wa pili, na foleni za viwanja vikubwa mnazijua.

Kiasi kingine huliwa na njia. Zile kilomita 11,800 ni za njia fupi kuliko zote juu ya dunia. Chukua tufe la darasani, uvute uzi kati ya miji hii miwili. Hautapita Nigeria na Mali, kama rula inavyoonyesha kwenye ramani ya ukutani. Utapanda Chad, ukate jangwa la Algeria, ndipo uingie Atlantiki. Lakini rubani haufuati uzi huo sawasawa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege nyingi zinazotoka kwetu kwenda kaskazini zikalazimika kuzunguka.

Mlaji mkuu ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Tuchukue wa 100 tu, na kipande cha kilomita 3,600. Bila upepo ni saa 4. Ukiupinga, kasi yako juu ya ardhi inashuka hadi 800, unatumia saa 4 na nusu. Ukirudi nao mgongoni unapata 1,000: saa 3 na dakika 36. Angalia vizuri: umepoteza dakika 30 ukaokoa 24. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu ukiupinga unakaa nao muda mrefu zaidi.

Wengi huniambia tofauti ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa vile, helikopta ingening'inia juu ya Nairobi tu na kusubiri Kisumu ifike.

Uwanja wa Jomo Kenyatta nao uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivi huhitaji mbio ndefu kabla ya kupaa. Ubaridi wa usiku husaidia, maana hewa baridi ni nzito zaidi.

Kama unampokea mtu New York, usijumlishe saa mwenyewe. Saa ya kufika kwenye tiketi ni ya New York, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi.