Nimeacha wali na mahamri. Je, niache na dawa ya kolesteroli?

Nimepunguza wanga kwa miezi minne na LDL yangu, ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, imeshuka hadi 2.1 (mmol/L). Si nimepona?

Swali la kwanza ni kama ulipimwa ukiwa bado unameza dawa. Kama ulikuwa unameza, hiyo 2.1 ni kazi ya chakula na kidonge kwa pamoja, na karatasi ya maabara haiwezi kukuonyesha kipi kimefanya nini. Dawa za jamii ya statini, yaani atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini na wenzake, huzuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Atorvastatini ya miligramu 20 hushusha LDL kwa asilimia 40 hivi. Basi piga hesabu kinyumenyume: gawanya 2.1 kwa 0.6, utapata 3.5. Hapo ndipo ungekuwa, takriban, kwa chakula hicho hicho bila kidonge.

Ukiacha dawa, namba hurudi juu katika wiki chache, na hutasikia lolote. Kolesteroli haiumi wala haikuzuii usingizi. Ndiyo maana aliyeacha hujiona mzima na kudhani amefanya sawa.

Kwani kuacha wanga hakushushi kolesteroli?

Kinachoshuka haraka ni trigliseridi, mafuta ambayo ini hutengeneza kutokana na wanga na sukari iliyozidi. HDL, ile kolesteroli nzuri, nayo hupanda kidogo. Hayo ni mazuri, wala hatuyabezi. LDL ndiyo yenye mambo yake: kwa wengine hushuka, kwa wengine husimama pale pale, na kwa wengine hupanda, tena sana, hasa watu wembamba walioshusha wanga chini ya gramu 50 kwa siku.

Tazama kilichoingia sahanini baada ya wali kutoka. Hapa Mombasa mara nyingi ni nazi, samli na nyama ya mafuta. Mililita 100 za kasimele, yaani tui zito la kwanza, hubeba gramu 20 hivi za mafuta, na karibu yote ni yale yanayoganda, ambayo hulifanya ini lipunguze vipokezi vyake vya LDL. Mtu anayekula kalori 2,000 anashauriwa asizidishe gramu 22 za mafuta hayo kwa siku nzima. Kwa hiyo bakuli moja la kuku wa nazi lililokolea limeshamaliza hesabu, kabla hujahesabu samli ya asubuhi. Wala usidanganywe na chupa ya mafuta ya nazi kwa kuwa iko majimaji: mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na joto la Pwani ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima.

Huna haja ya kuitupa nazi. Pikia tui jepesi, kasimele iwe ya siku maalumu. Samaki wa kupaka anaweza kupata ladha yake kwa ukwaju, ndimu, tangawizi na pilipili, tui likawa kidogo tu. Changu, tafi na dagaa, korosho, parachichi, bamia, biringani, mchicha, na mafuta ya alizeti au simsim badala ya samli: hapo wanga hupungua bila LDL kupanda. Mbaazi zina wanga, ni kweli, lakini nyuzinyuzi zake husaidia kushusha LDL. Nusu kikombe si tatizo ila kwa aliyebana wanga kabisa.

Ni nani asiyefaa kuacha, hata kama anakula vizuri namna gani?

Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi cha mshipa kuziba, aliyewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi), au ambaye mishipa ya miguu imeziba. Kwake lengo huwa LDL chini ya 1.8, na madaktari wengi hulenga chini ya 1.4. Mwingine ni yule ambaye LDL yake kabla ya dawa ilikuwa 4.9 au zaidi. Huyo huenda amerithi, na watoto wake wapimwe pia. Wa tatu ni mwenye kisukari aliyefika miaka 40. Kila LDL inaposhuka kwa 1 kamili, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Kwa aliyeanza na hatari kubwa, hiyo ni faida kubwa mno ya kuachia kwa kujaribu tu.

Mamangu ana miaka 62, ana sukari na presha, na ameanza kuacha wanga. Apunguze dawa gani kwanza?

Si ya kolesteroli. Hapa ndipo watu hukosea na kujidhuru: wanahangaika na statini, kumbe hatari ya wiki hii hii iko kwenye vidonge vingine.

Kama anatumia insulini au kidonge cha sukari cha glibenklamidi, chakula kikipungua wanga na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla. Dalili ni jasho, mikono kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Dozi hizo zirekebishwe na daktari kabla hajaanza mlo huo au siku ile ile anapoanza, na sukari ipimwe nyumbani mara kadhaa kwa siku.

Kama anameza vidonge vya sukari vya empagliflozini au dapagliflozini, asibane wanga kabla ya kuzungumza na daktari. Dawa hizi pamoja na wanga kidogo zinaweza kuifanya damu iwe na asidi, huku kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida. Akianza kutapika, kuumwa tumbo au kuhema kwa kasi, mpelekeni idara ya dharura usiku huo huo na mtaje jina la dawa.

Presha nayo hushuka wiki za mwanzo kwa sababu mwili hutoa maji na chumvi. Akisikia kizunguzungu akiinuka, apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Statini yake aendelee nayo.

Mimi nataka kuacha kwa sababu misuli inauma.

Maumivu yako ni ya kweli, lakini chanzo chahitaji kutafutwa. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, watu 60 walioacha statini kwa madhara walipewa statini, vidonge bandia (visivyo na dawa ndani), au bila kidonge, kwa zamu ya miezi. Takriban asilimia 90 ya usumbufu waliopata kwa statini waliupata pia kwa kidonge bandia.

Angalia dawa ulizochanganya. Simvastatini na amlodipini, kidonge cha presha kinachotumika sana, zikiwa pamoja simvastatini isizidi miligramu 20. Antibiotiki ya klarithromaisini, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, hazifai kabisa na simvastatini. Pima pia tezi ya shingo, kwani ikilegea huumiza misuli na kupandisha LDL vilevile. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na misuli imelegea, acha dawa na uende hospitali siku hiyo.

Bila dalili hizo, daktari anaweza kukupumzisha wiki mbili hadi nne kisha akuanzishie dozi ndogo, kwa mfano rosuvastatini miligramu 5, au akubadilishie ezetimibu, dawa ya kolesteroli isiyo statini.

Hatari yangu ni ndogo na daktari amekubali nijaribu. Tunafanyaje?

Tafuteni kwanza namba ya kabla ya dawa, hata kama ni kufukua kadi ya zamani ya kliniki. Subiri uzito usimame kwa miezi miwili, maana mtu anayepungua uzito kwa kasi namba zake huyumba. Pima maabara moja, ukiwa umefunga saa 10 hadi 12. Usipime ukitoka kuumwa malaria au homa yoyote kali, kwani ugonjwa hushusha LDL kwa uongo. Trigliseridi ikizidi 4.5, LDL ya kukokotoa, yaani inayopigwa hesabu kutokana na vipimo vingine, haiaminiki, omba ipimwe moja kwa moja.

Kubalianeni namba ya kurudia dawa kabla hujaacha, na iandikwe kwenye kadi, si baada ya majibu kutoka. Kisha pima tena wiki ya 6 hadi ya 8. Njia nyingine, nasi twaipenda zaidi, ni kupunguza dozi nusu: kila ukiipunguza nusu, LDL hupanda kwa kiasi kidogo tu, maana sehemu kubwa ya nguvu ya statini hutoka kwenye miligramu za mwanzo.

Na Ramadhani?

Atorvastatini na rosuvastatini humezwa wakati wowote, iwe baada ya futari au wakati wa daku. Simvastatini imeze usiku. Kufunga si sababu ya kuikatiza, na kipimo cha wiki ya Idd, baada ya biriani na halwa, kisogeze mbele wiki tatu.