Nani hasa anaimaliza lami?

Tabora utasikia sana kwamba lami inamalizwa na wingi wa magari: bajaji, daladala, teksi na bodaboda zisizohesabika. Ukikaa kando ya barabara ya Urambo na kuhesabu vyombo, hoja hiyo inaonekana ya kweli. Si ya kweli.

Jaribio kubwa la barabara la AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani), lililofanyika Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960, lilionyesha kuwa uharibifu haupandi sambamba na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Maana yake, ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) ya tani 10 huichosha lami karibu mara 10,000 kuliko ekseli ya tani 1. Ekseli hiyo ikibebeshwa tani 12, madhara yanazidi maradufu, ingawa dereva atakuapia kwamba kaongeza "kidogo tu".

Ndiyo sababu ya mizani. Wengi huiona kama mtego wa faini, na foleni zake kweli zinachosha, lakini sheria ya Afrika Mashariki inayoweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima inaangalia pia kila ekseli. Lori lenye jumla halali linaweza kukamatwa kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma.

Na mvua? Inachangia, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ila mara nyingi maji hupenya kupitia nyufa zilizokwisha kufunguliwa na ekseli nzito. Bajaji haina ubavu huo.