Gitaa la kupigia sebuleni: usikimbilie bodi kubwa

Wengi wanaonijia kuulizia gitaa kavu la nyumbani huja na picha ileile kwenye simu: bodi pana, kiuno kisichoingia sana, mabega ya mraba. Hiyo ni dreadnought. Mimi ni fundi wa magitaa hapa Mbeya, na jibu langu huwaudhi baadhi yao: kama utapigia sebuleni, mara nyingi peke yako, chukua bodi ndogo.

Martin, watengenezaji magitaa wa Marekani, walianza kuitengeneza bodi hiyo mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, ikapewa jina la manowari ya Waingereza. Mwaka 1931 ikaingia rasmi kwenye magitaa yao wenyewe, na huko ndiko zilikotoka D-18 na D-28. Wapiga muziki walitaka sauti nzito inayosikika katikati ya banjo, fidla na waimbaji, na dreadnought iliwapa hicho. Kifuniko chake, yaani ubao wa mbele, ni kipana, kinataka kuchapwa kwa piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, ndipo kiamke. Ukikigusa kwa vidole saa tatu usiku watoto wamelala, besi inatangulia na nyuzi nyembamba zinabaki nyuma.

Bodi ndogo iitwayo 000, ya Martin haohao, kwa upana haiachwi mbali: sentimita 38 hivi kwa karibu 40 za dreadnought. Tofauti kubwa iko kwenye kina. Dreadnought ina zaidi ya sentimita 12 pale nyuma, 000 ina kama 10 na nusu. Kaa nayo kwenye kochi utaelewa: mkono wa kulia unashuka bila bega kupanda. Tena nyuzi za 000 ni fupi, milimita 632 badala ya 645, kwa hiyo seti ileile ya nyuzi inavutwa kwa nguvu pungufu kama asilimia 4. Inasikika kama tofauti ndogo mpaka siku ya kushika kodi ya F, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa. Na anayependa mtindo wa akina Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo, dole gumba likitembea kwenye besi na kidole cha shahada kikijibu juu, hapa kila uzi utausikia peke yake.

Kwa J-45 ya Gibson, watengenezaji wengine wa Marekani, nalegeza msimamo. Ilitoka mwaka 1942, ina mabega ya mviringo, na bodi yake ni kubwa kweli, ila nyuzi zake ni fupi, milimita 628 hivi, na mgongo wake wa mahogani unatoa sauti kavu isiyovuma muda mrefu. Kama kazi yako ni kuimba pambio na gitaa linakufuata, sina ubishi.

Kuhusu mbao, D-28 ina mgongo wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu. D-18 ina mahogani, na mkangazi wetu uko karibu nayo. Rozwudi inavuma na kung'aa, mahogani inasema neno na kunyamaza. Mnaobishana usiku kucha kuhusu mgongo, geukeni kwanza mtazame kifuniko cha mbele. Sauti nyingi inatoka huko.

Najua magitaa hayo bei yake inazidi pikipiki mpya. Lakini umbo halina hakimiliki ya matajiri. Yamaha, ambao mfululizo wao wa FG ulianza mwaka 1966, wana FG800 yenye bodi kubwa na FS800 yenye bodi ndogo na nyuzi za milimita 634. Zote mbili kifuniko ni sprusi ya ubao mzima, mgongo ni plaiwudi. Kwa nyumba za huku mchanganyiko huo naupenda kuliko gitaa la ubao mzima kote, na sababu ni hali ya hewa.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, Mbeya na Iringa hewa inakauka. Ongeza jiko la mkaa linalowashwa ndani kwa ajili ya baridi, na gitaa linateseka. Mbao hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukipungua, ubao wa shingo unasinyaa lakini freti, vile vijiti vinavyokatiza shingo, ni chuma, hazisinyai: pitisha kidole pembeni mwa shingo utahisi ncha zake zinakukwaruza kama meno ya msumeno. Kifuniko nacho kinazama, nyuzi zinashuka, zinaanza kugusa freti za juu na kukoroma. Watu wananiletea wakisema shingo imepinda, kumbe gitaa lina kiu. Kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani sifongo lililokamuliwa vizuri lisidondoshe maji, kiweke kwenye begi la gitaa na ufunge zipu. Siku chache linarudi. Tukuyu ni kinyume chake: mvua nyingi, kifuniko kinavimba nyuma ya briji, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye kifuniko, nyuzi zinapanda, na vidole vinalalamika. Huko sifongo liache.

Na usiniletee gitaa la nailoni ulilolifunga nyuzi za chuma. Nyuzi za nailoni zinavuta kama kilo 40 zote kwa pamoja. Seti ya kawaida ya chuma inapita 70. Briji inang'oka na kipande cha kifuniko. Nailoni kama C40 ya Yamaha ni gitaa zuri la nyumbani, tulivu, laini kwa vidole vya mtoto, ila shingo yake ni pana, milimita 52 pale juu, na mwenye mkono mdogo atalazimika kunyoosha.

Ukienda kununua, hasa la mtumba, beba karatasi. Jaribu kuipenyeza chini ya briji upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia, na bei ishuke au uondoke. Kisha piga freti moja baada ya nyingine hadi ya 12 kwenye kila uzi, bila haraka, hata muuzaji akianza kukutazama vibaya. Kwenye freti hiyo ya 12 uzi mnene wa chuma ukiwa juu kwa milimita 2 na nusu hivi, unapigika. Ukikuta 4, uliza kama kipande cha mfupa kwenye briji bado kina urefu wa kusagwa. Kama kimeshaisha na nyuzi bado ziko juu, shingo inatakiwa kung'olewa na kupachikwa upya, na kazi hiyo kwa gitaa la bei ya chini hailipi.